Nilivyomaliza Mahari ya Mama

Baba alikufa msimu wa kuchuma kahawa, kwa ugonjwa wa siku nne tu. Alikuwa fundi wa mawe. Maduka mengi yaliyojengwa miaka ya mwanzo wa Uhuru, kutoka Kiriaini mpaka Karatina, yalipita mikononi mwake, na mengine yamesimama hadi leo, japo wenyewe wameyapaka rangi za matangazo ya sabuni mpaka mawe hayaonekani. Mimi nilikuwa kifungua mimba wake, karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali mjini Nyeri, na nilitembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja nyeusi na moja nyekundu. Nazitaja kwa sababu asiyezijua kalamu zile hataelewa jeuri niliyokuwa nayo.

Kwetu, kabla watu hawajatawanyika kaburini, mmoja wa familia husimama akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje aonane na wenyewe. Ni maneno ya desturi. Kila anayeyasikia anajua kwamba atakayekuja atakuja baadaye, taratibu, atakaa, atakunywa chai, na kwamba mengine yatalipwa, mengine yatasamehewa, mengine yatasahaulika. Mimi sikuyasema hivyo. Nilisema, kwa sauti ya ofisini, kwamba nimepewa likizo ya wiki mbili, kwamba nitakaa mezani kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, na kwamba baada ya hapo sitaki kusikia jina la baba yangu likitajwa sokoni kwa habari ya deni. Baba mdogo alinivuta koti. Nilidhani anataka niongeze sauti, nikaongeza.

Aliyenijibu alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kerugoya na nusu ya ukoo wake. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na alinusa ugoro hata kanisani. Alisimama nyuma ya wanawake akasema, "Basi hata sisi wa Kerugoya tutapanga laini. Mbuzi zetu ziko wapi?"

Watu walicheka. Mama mwenyewe, aliyekuwa amejifunika kitambaa usoni tangu alfajiri, alitikisika mabega, na nilipomtazama vizuri nikaona ni kicheko. Mimi sikucheka. Niliona nimeaibishwa mbele ya wafanyakazi wenzangu waliokuja na gari la ofisi. Nikatoa kalamu nyekundu nikaandika kwenye kijitabu changu: Kerugoya, mbuzi.

Habari za mbuzi hao nilizijua tangu utotoni. Baba alimkuta mama Kerugoya, alikokwenda kumjengea Mhindi mmoja duka, na alipopeleka posa akapangiwa mahari kama mwanamume mwingine yeyote: mbuzi, blanketi, pombe ya wazee, na kondoo dume aliyenoneshwa ambaye sisi humwita ngoima. Alitoa sehemu, akapewa mke, na iliyobaki akawa anailipa kidogo kidogo. Karibu kila mwaka, malipo ya kahawa yakitoka, alimfunga mbuzi mmoja kamba akaenda naye Kerugoya. Huko aliulizwa, "Na wale wengine?" Naye alijibu, "Bado wanakula." Swali lilikuwa lile lile miaka yote, na jibu lile lile, na kicheko kile kile. Siku ya pili au ya tatu alirudi na mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na habari za kila mtu wa kule, nani ameoa, nani amegombana na nani, ng'ombe wa nani amezaa. Mama alimkalisha jikoni akamhoji mpaka moto ukazimika. Wazee wetu husema mahari haiishi. Mimi, niliyefika kidato cha nne, niliuona msemo huo kuwa kichaka cha kuwafichia watu wasiopenda kulipa.

Kwa wiki mbili nilikaa mezani kama nilivyotangaza. Sitaki nijidharau kupita kiasi: kazi ile niliifanya vizuri. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alileta vocha za saruji, nikazilinganisha na daftari la baba, nikamlipa. Vibarua wawili walikuja kudai siku walizofanya kazi. Mmoja alijiongezea siku tatu, nami nikamkumbusha kwamba siku hizo tatu mvua ilinyesha na yeye mwenyewe alikuwa kwetu akila viazi. Bwana mmoja alidai kwamba baba aliazima baiskeli yake na kuipoteza. Nilimwuliza ilikuwa ya rangi gani, akasema nyeusi. Mke wake, aliyesimama kando, akasema ya kijani. Wakaondoka pamoja wakilaumiana. Niliuza fahali wa baba na mizani yake na mbao alizokuwa ameweka akiba, na palipopelea nikajaza na mshahara wangu. Kila aliyelipwa alitia sahihi. Mama alipita na kikombe cha chai mara kwa mara akaona ninavyowahoji watu waliomzika baba pamoja nasi.

Deni moja lilikuwa Majengo, pale Nyeri mjini, ambako baba alikodi chumba cha kuwekea vyombo vyake nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mwislamu, mjane, aliyeuza maandazi karibu na msikiti. Kodi ya miezi minne haikuwa imelipwa. Nilifika pale mchana, nikasimama mlangoni na kijitabu changu. Bibi akanikaribisha ndani, akanipa pole, akanielezea namna baba alivyomtengenezea ukuta wa jiko uliokuwa ukianguka na kukataa malipo. Nilimwambia nina haraka. Nikamhesabia pesa zake, nikampa kalamu atie sahihi.

"Mwanangu," akasema, "mimi na babako hatukuandikiana hata siku moja."

Nikamwambia siku hizi mambo ni kuandikiana. Akaichukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, nami nikakigeuza kijitabu huku na huku nisijue niliwekee wapi tarehe. Alinifungia maandazi katika gazeti nimpelekee mama. Niliyala njiani, yote, na mama sikumwambia.

Ikabaki Kerugoya. Nilimwuliza mama wamebaki mbuzi wangapi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akichambua maharagwe.

"Wamebaki," akasema.

Nikamwuliza tena, wangapi.

"Wamebaki tu, mwanangu. Kwani kuna mtu amekuja kuwadai?"

Nilidhani anamsitiri marehemu. Nilikwenda kwa baba mdogo, naye akanipa hesabu shingo upande: mbuzi kumi na mmoja, na ngoima. Akaniambia nifanye alivyokuwa akifanya baba, nipeleke mmoja mwezi wa kahawa, nile ndizi, nirudi nyumbani. Nikamjibu kwamba ndivyo tunavyobaki nyuma Waafrika, kulipa deni moja miaka ishirini. Siku ya soko nilikwenda Karatina nikauliza bei ya beberu wa wastani, nikauliza na ya kondoo aliyenona, nikazidisha, nikajumlisha. Nilijinyima miezi saba. Nilihamia chumba cha bei nafuu, sikununua viatu, nikala sukuma wiki mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza kama nimeokoka. Nilijiona mtoto bora kuliko wote wa ukanda ule wa mlima. Baba alikuwa ameniachia aibu na mimi nilikuwa naiosha.

Nilimwambia mama kwamba Jumamosi nakwenda Kerugoya kupeleka kitu. Sikusema ni kitu gani. Alifurahi, na tangu baba afe sikuwa nimemwona akifurahi vile. Alidhani nitanunua mbuzi njiani. Alinipakia kiondo: sukari, majani ya chai, sabuni ya mche kwa ajili ya mke wa kaka yake, na akanituma salamu ndefu ambazo nilizisahau kabla sijafika barabarani.

Walinipokea vizuri mno. Mke wa mjomba alichinja kuku, akatuma ndizi zikatwe shambani, na nilipita jikoni kumwamkua nikamkuta akifunga mkungu mmoja kwa kamba ya mkonge, wa kurudi nao nyumbani. Mjomba aliita ndugu zake wawili na jirani mmoja mzee, maana alijua nimekuja kwa habari ya mbuzi, na mbuzi hawapokewi na mtu mmoja. Tulipokwisha kula alinitazama mikono.

"Mpwa wangu, mbona sioni kamba? Mbuzi amekukimbia njiani?"

Nikatoa bahasha kutoka mfuko wa ndani wa koti, nikaiweka mezani. Nikasema ni mbuzi wote kumi na mmoja, pamoja na ngoima, kwa bei ya soko la Karatina, na kama hawaamini bei waulize.

Mjomba aliifungua bahasha, akainusa. "Hizi ni mbuzi gani zisizonuka?" Wenzake wakacheka kidogo. Mzee jirani akauliza kwa upole kwa nini nina haraka, kama kuna mtu aliyenikaba. Nikasema sina haraka, nina mpango. Kisha nikatoa karatasi mbili nilizopiga taipu ofisini, nakala na kaboni yake, nikasema kabla hawajapokea ni lazima tuwekeane maandishi.

Niliyasoma kwanza kwa Kiswahili, kama nilivyoyaandika. Yalikuwa maneno ya ofisini, yale yale tuliyotumia stoo na watu waliotuletea misumari na rangi. Mwishoni yalisema: deni la mahari limekwisha lote, na kuanzia leo pande hizi mbili hazidaiani kitu chochote. Nilikuwa nimelitafuta sana neno hilo, hazidaiani. Nililipenda. Lilikuwa neno safi, lisilo na mkia. Kisha nikawatafsiria kwa Kigikuyu, maana Kiswahili cha karatasi hawakukijua, na Kigikuyu changu cha haraka hakikupata neno kama lile. Nilichosema, nikikirudisha kwa Kiswahili leo, ni hiki: sasa hakuna tena kitu kati yetu.

Mmoja wa wajomba alikuwa na kipande cha ndizi mkononi, akakirudisha kwenye sahani.

"Isome tena hapo mwisho," mjomba akasema.

Nikaisoma tena, kwa sauti zaidi, kwani nilidhani masikio yamemchakaa. Aliniuliza kama mama anajua nimekuja na maneno hayo. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wanaume.

"Haya," akasema. "Tumesikia."

Alitoa kidole gumba, nikakipaka wino, akakikandamiza kwenye karatasi zote mbili pale nilipomwonyesha. Ndugu zake nao wakafanya hivyo. Hakuna aliyehesabu pesa. Kisha tukakaa, na mjomba yule ambaye sikuwahi kumwona amekaa bila kumtania mtu akawa anatazama mlangoni. Niliaga. Kwetu mgeni husindikizwa. Mkwe au mpwa husindikizwa mpaka mtoni, mpaka ng'ambo ya mto, watu wakipokezana mzigo wake na kusimama kila baada ya hatua kumi kukumbuka jambo jingine. Mimi walinipa mkono wakiwa wamekaa. Nilipopita jikoni mkungu wa ndizi ulikuwa umeegemezwa kizingitini, umefungwa tayari, na mke wa mjomba alikuwa ameuinamia, na sauti ya mumewe ikamwita kutoka ndani, akaingia, akauacha pale. Nilisubiri kidogo. Kisha nikaenda zangu.

Unajua nilifikiri nini njiani? Nilifikiri wameona haya. Nilifikiri wazee wale hawakuwahi kuona kijana aliyelipa deni la baba yake lote kwa siku moja, na kwamba nimewazima utani wao. Nilitembea nikipiga mluzi.

Mama alikuwa uani akimkatia ng'ombe majani. Nikamwambia, "Mama, nimemaliza. Hatudaiwi tena Kerugoya."

"Umemaliza nini?"

"Mahari yako. Yote." Nikamwonyesha karatasi yenye vidole vya kaka zake.

Hakuishika. Hakujua kusoma, lakini sidhani ilikuwa kwa sababu hiyo. Aliniuliza kama walinisindikiza. Nikasema hapana. Aliniuliza wamenipa nini nimletee. Nikasema hawakunipa kitu. Akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu anayesikiliza habari za mvua, akaendelea kukata majani, na nilipotaka kumweleza hesabu nilivyoipiga aliniambia chakula kiko ndani kimefunikwa.

Mjomba hakuja tena kwetu. Hakukuwa na ugomvi, na mtu wa nje asingeona chochote. Dada yangu alipoolewa tulimpelekea habari, akatuma blanketi na salamu. Zamani angekuja siku tatu kabla, angelala kwenye kitanda changu, angekosoa pombe, angeuliza mbuzi wake wako wapi. Mwaka uliofuata mke wa mmoja wa wana wa mjomba alijifungua, na mama akaamua kwenda kwao kumwona mtoto. Alikuwa na kawaida ya kukaa wiki nzima kule. Safari hii alirudi siku ile ile, jua bado juu.

"Walinipa kiti," akaniambia.

Sikuelewa. Nikasema ni heshima.

"Kiti chenye kitambaa. Na chai kwa kikombe cha wageni. Nimekaa pale mchana kutwa, hakuna hata mmoja aliyeniambia nimenye kiazi."

Siku hiyo, akiwa amekaa na viatu vya safari miguuni, mama alinieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza. Alisema alipokuwa kijana, akikosana na baba, na walikosana sana, baba hakuwa malaika, alijifunga mtoto mgongoni akaenda Kerugoya. Kaka yake alimpokea akamwambia kaa, wewe hujalipiwa, wewe bado ni wetu. Baba alimwacha siku kadhaa, kisha akatokea na mbuzi na uso wa toba. Aliambiwa mbele ya watu jinsi ya kuishi na mke ambaye hajamaliza kumlipia. Alisikiliza, maana mdaiwa hana budi kusikiliza. Kisha walikula, wakacheka, na mama akarudishwa. Alisema hakuna mwaka baba aliomkuta Kerugoya akarudi kumtukana tena mwaka huo. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Niliona haya mpaka nikashindwa kumwangalia, na badala ya kumwambia hivyo nikamwuliza kama ng'ombe amekunywa maji.

Ilinichukua miaka miwili zaidi kuimeza jeuri yangu. Nilinunua beberu mkubwa, mwenye pembe nzuri, nikampeleka Kerugoya mwenyewe, kwa kamba, kama alivyofanya baba. Mjomba alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa inamvimba na hakusimama kunipokea. Alimtazama beberu kwa muda.

"Huyu ni wa nini?"

Nikasema ni wa mahari.

"Mahari iliisha, mpwa. Nilitia kidole."

Nilimwomba radhi. Nilisema nilikuwa kijana, nilisema maneno nisiyoyajua uzito wake, nilisema karatasi yangu nimeichana. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kibaya zaidi ni kwamba hakuwa na hasira.

"Baba yako angeweza kuzimaliza mbuzi hizi mara tatu," akasema. "Mwaka aliojenga lile duka la Kiriaini alikuja hapa mfuko umejaa, akaniuliza, nimalize? Nikamwambia, ukimaliza utakuja huku kufanya nini? Tukacheka. Akarudi na pesa zake."

Nikamwambia basi ampokee huyu kama zawadi.

"Zawadi ni ya kupeana na wageni," akasema. "Na hata nikitaka, nitawaambia wazee ni wa nini? Wewe ulisema mbele yao hakuna kitu kati yetu. Mimi peke yangu siwezi kukirudisha."

Alinipa chai. Nilimrudisha beberu mpaka Karatina nikamuuza kwa bei ya hasara, kwa mtu ambaye alifahamu kutokana na uso wangu kwamba sitabishana. Leo mabinti zangu wameolewa, na wakwe zangu, vijana wa kisasa, huja na bahasha na kuniuliza wamebaki mbuzi wangapi ili wamalize. Huwa nakasirika kuliko inavyofaa. Mmoja nilimfukuza na bahasha yake mpaka getini, na mke wangu akaniambia nitazeeka vibaya.

Mama hakunilaumu miaka hiyo yote. Ningefurahi kama angenilaumu. Alikuwa akiniita kwa jina langu kama kawaida, akiniwekea maziwa ya asubuhi, akiwaambia wanawake wa kanisani kwamba kijana wake alilipa madeni yote ya baba yake, na hilo lilikuwa kweli, na waliponisifu alikuwa akitazama upande mwingine. Kwao hakwenda tena, isipokuwa kwenye mazishi ya dada yake mmoja, ambako alikalishwa na wageni waliotoka mbali.

Kisha mjomba akafa. Hakuna aliyetumwa kutuambia. Tulisikia redioni, kwenye yale matangazo ya vifo yanayosomwa mchana, wakati ambao nchi nzima hunyamaza, kila mtu asikie kama kuna ndugu yake. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa likizo, na tulikuwa jikoni, mama anamenya viazi na mimi najifanya namsaidia. Msomaji akataja jina la mjomba na Kerugoya, mama akaacha kumenya. Akataja mke wake. Akataja watoto wake wote, na wanapofanya kazi. Kisha akaanza ndugu: kaka wa fulani, kaka wa fulani, kaka wa marehemu fulani. Akataja siku ya mazishi. Akahamia kwa marehemu mwingine, mtu wa Kiriaini.

"Ongeza sauti," mama akasema.

Niliongeza. Mtu wa Kiriaini alikuwa na ndugu wengi.

Nikamwambia matangazo yale hulipiwa kwa neno, kila jina ni senti, na aliyelipeleka tangazo bila shaka ni kijana tu, alikata majina alipoweza kukata, na lake likakatwa hivyo tu, mimi nawajua makarani. Nilisema mengi. Nilipoishiwa, mama akachukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi bila kukimenya.

"Tutaenda kumzika," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekwisha: "Lakini wewe pia, mwanangu. Si ungeacha hata mbuzi mmoja?"